Kwa mdogo wangu, aliyepima shamba la baba wakati wa kiangazi

Mdogo wangu,

Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Dar es Salaam. Naandika hapa kwa kuwa simu zangu hupokei.

Agosti ile siwezi kuisahau. Arobaini ya baba haijafika, ulimleta mtu wa mjini, ukashika futi kamba upande mmoja na yeye upande wa pili, mkalipima shamba letu la ng'ambo. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza kidole, nawe ukamwambia kwamba hapa ni pakavu, panafaa kujengwa ghala. Nilisimama kando ya dungu la baba, nikanyamaza kwa kumstahi mgeni.

Mzaliwa wa Ifakara anaisahauje Aprili? Mvua za Njombe na Mufindi huteremka kwa Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi, vijito vya Udzungwa vikaongeza vyake, na maji yote hayo hukutana katika bonde tambarare lililobanwa na Udzungwa huku na milima ya Mahenge kule, yasiweze kuondoka upesi kuelekea Rufiji. Ndipo Mto Kilombero hupanda kingo na kulala mashambani, na ukirudi huacha tope jipya ambalo limeotesha mpunga wetu bila mbolea tangu enzi za babu. Ghala lako lingefuga kambale. Unaita kwetu tope na mbu, lakini tangu 2002 ardhioevu hii imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Naona wageni wameithamini kuliko wewe.

Najua daraja ndilo lililokutia tamaa. Tangu tuachane na kivuko, ng'ambo imekuwa karibu na bei ya heka imepanda. Sikulaumu kwa kutaka fedha, kwani ada za watoto ni nzito, ila usiwaambie ndugu kwamba nimekataa kutia saini ya kuuza ili nile peke yangu. Ni nani aliyelala dunguni akifukuza nguruwe, akaamia ndege tangu alfajiri mpunga ulipoanza kukomaa? Baba alipougua, ni mchele wa shamba hilo uliolipa dawa, na wewe hukuulizwa hata senti.

Saini sitatia. Ukitaka tugawane, njoo Aprili tupande mtumbwi, mipaka nikuonyeshe maji yakiwa juu yake.

Mchele wako wa msimu huu uko kwa mama, magunia mawili ya Supa. Tuma mtu mwaminifu, maana yule wa mwaka jana alifikisha pungufu, ukadhani ni mimi.

Kaka yako