Kijana wa cc 1600 asikimbilie turbo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa magari. Jumamosi iliyopita msomaji mmoja, kijana kwa jinsi alivyoandika, aliuliza afunge supachaja au turbo, yaani mashine za kuisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, kwenye gari lake la kila siku, lenye injini ya petroli ya cc 1600 iliyotoka kiwandani bila chochote kati ya hivyo viwili. Akajibiwa kwa mistari michache: afunge turbo, kwa kuwa turbo inazungushwa na moshi ambao ungepotea bure, ilhali supachaja inaiba nguvu ya injini. Basi. Kijana kaachwa hapo atoe pesa akanunue.

Mimi ni fundi wa injini. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imekwenda chini ya malori ya dizeli, na lori la dizeli lisilo na turbo siku hizi utalitafuta sana. Kwa hiyo mtu asinidhanie nina ugomvi na turbo. Nimezifungua, nimezisafisha, nimezibadilisha beringi, na mpaka leo nikisikia ule mluzi wake lori likipanda mlima nageuza shingo. Ila dizeli ni dizeli. Silinda yake inavuta hewa tupu, mafuta yanapulizwa mwishoni, kwa hiyo ukiiongezea hewa inashukuru. Kwenye injini ya petroli kama ya kijana huyu, mafuta na hewa vinaingia vikiwa vimeshachanganyika. Mchanganyiko huo ukibanwa na kupashwa moto kupita kiasi, sehemu yake hulipuka yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Hapo ndipo injini inapogonga, na hapo ndipo pistoni zinapovunjika. Mwandishi wenu hakuligusa hilo hata kwa neno moja.

Nianze na hilo la bure. Pangaboi la turbo linakaa katikati ya njia ya moshi, na moshi lazima ulisukume ndipo upite. Anayeusukuma moshi ni pistoni. Kwa hiyo injini inalipa, ila bili inakuja kwa njia ya nyuma. Ni kweli bili hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya supachaja inayovutwa kwa mkanda kutoka kwenye puli ya kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Hapo sibishani na mwandishi. Ninachobishia ni ukubwa wa huo wizi anaoutangaza. Chukua injini ya lita 1.6 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, presha ya nyongeza bar 0.5, yaani kama nusu ya presha ya hewa ya kawaida ikiongezwa juu yake. Kuibana hewa hiyo kunataka nguvu ya kama farasi 10 hivi, na kidogo juu yake kwa ajili ya msuguano. Hiyo ni kwenye kilele. Ukiwa unaburuza gari mjini, supachaja yenye valvu ya kurudishia hewa inazunguka karibu bila kazi. Toyota walikwenda mbali zaidi: mwaka 1986 walitoa injini ya 4A-GZE, nayo ni cc 1600 kama ya kijana wetu, ambayo puli ya supachaja yake ina klachi ya umeme. Ukiendesha polepole klachi inaachia, mashine inasimama. Ukikanyaga, inashika.

Tena angalia walichofanya ndani ya injini hiyo. Ndugu yake isiyo na supachaja, 4A-GE, ilikuwa na kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni inaubana mchanganyiko, ya 9.4 kwa 1. Hii wakaishusha hadi 8 kwa 1, wakaweka na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Hawakufanya hivyo kwa kupenda kujisumbua.

Sasa joto, ambalo kwangu ndilo jambo lenyewe. Hewa ukiibana inapata moto, hata uibane na nini. Tuseme inaingia ikiwa na nyuzi 27, na unaongeza hiyo bar 0.5. Supachaja ya aina ya Roots, ile ya rota mbili zinazosukuma hewa, yenye ufanisi wa asilimia 60 itaitoa ikiwa na nyuzi 88 hivi. Turbo nzuri yenye ufanisi wa asilimia 75 itaitoa ikiwa na nyuzi 76. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo badala ya ile asilimia 50 ya hewa zaidi ambayo watu wanaota, ya kwanza inakupa kama asilimia 25 na ya pili kama 29, kabla ya intakula. Turbo imeshinda, lakini imeshinda kwa kiasi gani? Kwa presha ndogo, tofauti hiyo dereva wa mjini hawezi kuihisi. Panda hadi bar 1 nzima ndipo zinaachana kweli: Roots inaongeza nyuzi kama 110 juu ya joto la kuingilia, turbo kama 88. Mtu anayetaka bar 1 na zaidi kwa ajili ya mashindano, turbo ni yake. Kijana ameuliza habari ya gari la kwendea kazini.

Na gari la kwendea kazini linaishi wapi? Kati ya mizunguko 1,500 na 3,000. Hapo ndipo unapoondoka kwenye taa, unapompita mwenye baiskeli, unapopanda kilima ukiwa na watu wanne ndani. Supachaja ya Roots, au ile ya skrubu mbili aliyoiendeleza Msweden Alf Lysholm, inasukuma kiasi kilekile cha hewa kila inapozunguka, kwa hiyo presha ipo tangu unapogusa pedali. Gari linakuwa kama limefungwa injini kubwa zaidi, halina maajabu. Turbo inangoja moshi uwe mwingi. Na vijana hawanunui turbo ndogo. Wananunua kubwa, kwa sababu wamesoma namba ya farasi kwenye tangazo, kisha inalala mpaka mizunguko 3,500 au zaidi, halafu inaamka yote kwa mara moja. Iamke ukiwa katikati ya mzunguko wa barabara, lami imelowa mvua, mguu umeshakanyaga kwa hasira ya kusubiri. Sihitaji kueleza zaidi.

Hapa niseme pia kwamba supachaja si kitu kimoja, ingawa mwandishi wenu amezifunga zote kwenye furushi moja. Ipo ile yenye pangaboi kama la turbo, isipokuwa inavutwa na mkanda. Presha yake inapanda kwa mraba wa mwendo: ukifika nusu ya mizunguko unapata kama robo tu ya presha. Hiyo haichelewi, lakini huko chini haina kitu. Kwa matumizi ya mjini siitaki pia.

Yapo mambo ya ufungaji ambayo huyaoni kwenye matangazo. Turbo inaelea juu ya oili, na mhimili wake, kwenye turbo ndogo, unapita mizunguko 150,000 kwa dakika. Oili hiyo ikishapita kwenye beringi inarudi kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, kwa uzito wake yenyewe, hakuna pampu inayoivuta. Bomba la kurudishia lazima liwe pana, lishuke moja kwa moja, liingie juu ya usawa wa oili. Nimeona mabomba yaliyopindishwa yakashuka, yakapanda, yakashuka tena kukwepa mguu wa injini. Oili inatuama, inapita kwenye sili, gari linatoa moshi wa bluu, mwenye gari anaambiwa ringi zimekwisha. Anafungua injini nzima, anabadilisha ringi, anawasha: moshi uleule. Halafu kuna wale wanaozima injini mara tu baada ya kuikimbiza, turbo bado inawaka. Oili iliyobaki ndani inaiva pale pale kwenye beringi, inakuwa nyeusi na ngumu kama lami. Ukishika ncha ya mhimili ukautikisa, unacheza.

Injini moja niliyoletewa nimeikumbuka tangu niliposoma jibu la mwandishi wenu. Petroli, silinda nne, turbo imefungwa na mwenye gari akisaidiwa na rafiki yake. Nilipotoa plagi ya silinda ya tatu nikaona vitone vidogo vya rangi ya fedha vimeganda kwenye kauri yake. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Nikainua silinda hedi, nikatoa pistoni yenyewe: ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka, kipande cha urefu wa ukucha hakipo. Chanzo nilikipata juu, kwenye westigeti, kile kijilango kinachopitisha moshi pembeni presha ikifika kiwango. Kinafunguliwa na presha inayoletwa na mpira mwembamba kama penseli. Mpira ule ulikuwa umebanwa kwa kamba ya plastiki, plastiki imeyeyuka kwa joto la eksozi, mpira umechomoka. Westigeti haikupata habari tena. Presha ikapanda bila wa kuizuia, nozeli za asili, zile zinazopulizia petroli, zikashindwa kuleta petroli ya kutosha, mchanganyiko ukakauka, ikagonga mpaka ikavunjika. Kwenye supachaja presha inawekwa na ukubwa wa puli. Puli ni chuma, haichomoki kwa joto.

Nayo supachaja ina ya kwake, nisije nikaonekana nauza. Mkanda ukilegea unateleza na kulia. Kama mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, ukikatika safari imekwisha. Kibao cha kuishikilia kikiwa chembamba kinajipinda na puli zinatoka kwenye mstari. Chini ya boneti mara nyingi nafasi hakuna. Na inakula mafuta zaidi. Ndiyo sababu viwanda vyenyewe vimeikimbia. Mini Cooper S ilikuwa na supachaja hadi 2006, ikahamia turbo. Volkswagen mwaka 2005 walitoa injini ya lita 1.4 yenye vyote viwili, supachaja ya kusaidia mizunguko ya chini na turbo ya juu, halafu baadaye wakabaki na turbo peke yake. Mtu ataniambia: si unaona? Naona. Lakini kiwanda kinachora injini kuanzia pistoni, kinachagua turbo ndogo inayoamka mapema, kinapulizia oili chini ya pistoni kuzipoza, kinaweka kompyuta inayosikiliza kugonga na kurudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, papo hapo. Kijana ana injini iliyokwisha kuchorwa kwa kazi nyingine.

Hata kiwanda kikubwa kilishaungua vidole kwa hilo. Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire mwaka 1962, moja ya magari ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo. Waliacha kompresheni juu, 10.25 kwa 1, na ili injini isigonge wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanayopuliziwa kwenye hewa presha ikipanda. Wenye magari wakasahau kulijaza tangi. Gari likafutwa baada ya mwaka uliofuata, na mengi kati ya yaliyouzwa yakavuliwa turbo yakarudi kwenye kabureta ya kawaida.

Kama gari la mtu limetoka kiwandani na turbo, abaki nayo na abadilishe oili kwa wakati. Kama ni dizeli, hakuna mjadala. Anayeishi nyanda za juu nako naona hoja ya turbo: kwenye mita 2,000 hewa ina presha ya asilimia 80 hivi ya ile ya pwani, na turbo inaweza kujiongezea mwendo kuifidia, wakati supachaja imefungwa na puli yake.

Kijana aliyeuliza, ikiwa anasoma hapa: mwanangu, kabla ya yote pima presha ya kompresheni ya silinda zote nne kwa geji. Ikiwa moja iko chini ya wenzake, acha vyote viwili, fanya ovahoo, yaani injini ifunguliwe yote itengenezwe upya. Zikiwa sawa, kagua rejeta na breki, kisha tafuta supachaja ndogo ya Roots au ya skrubu, usizidishe bar 0.4 kwa kompresheni ya kiwandani, weka intakula, nozeli kubwa zaidi, pampu ya mafuta inayozitosha, na geji ya kuonyesha uwiano wa hewa na petroli mahali unapoiona ukiwa unaendesha. Taimingi irudishwe nyuma na mtu anayejua anachofanya. Tumia petroli ya oktani ya juu kabisa, yaani inayostahimili kubanwa bila kugonga, unayoweza kuipata kila wiki, maana ya kubahatisha haisaidii. Na rafiki akija na puli ndogo zaidi mkononi, ya kupandisha presha, mwambie ashushe kompresheni kwanza.

Kwa mwandishi wenu nina ombi moja. Msomaji akiuliza tena swali la namna hii, mwulizeni kwanza kompresheni ya injini yake na presha anayotaka, ndipo mchapishe jibu.

Wenu,
Fundi wa injini na msomaji wa kila Jumamosi