Risala ya familia zilizotoka Beni, Lubero na Ituri kwa Muheshimiwa Mbunge, Katuba, Lubumbashi

Muheshimiwa Mbunge wa Bunge la Taifa, mgeni wetu wa heshima, Bwana Burgmestre, machefu wa kartie, wachungaji na mapadri, mama zetu mlioamkia jikoni tangu alfajiri, ndugu wote, kila mtu kwa cheo chake. Jambo!

Karibu Katuba, baba. Tunajua Kinshasa ni mbali na walioomba siku yako ya leo ni wengi. Umekuja kwetu, umekaa kivulini pamoja nasi, na tunakushukuru kwa moyo wote.

Historia yetu haitakuchelewesha. Mauaji ya Beni, kule mashariki mwa Kongo yetu, yalianza Oktoba 2014. Mwaka uliofuata familia 11 zilizofika hapa bila kitu zilianzisha likelemba, chama cha kuchangiana fedha na kusaidiana. Leo tuko familia 64. Wafu wetu wote tumewazika kwa heshima. Vijana 7 wamepata diploma ya taifa. Tena tuna maktaba ya sheria, kabati moja lenye nakala 22 za Katiba na vitabu vingine, na tunasema bila kusita kwamba hakuna kundi jingine katika komini hii lenye hazina kama hiyo. Kila Ijumaa jioni walimu, mafundi na mama wa soko wanasoma humo ibara moja na kuijadili. Ombi letu la leo limetoka katika kabati hilo, na ni moja tu.

Muheshimiwa, Katiba ya 18 Februari 2006 haikumpa mtu mmoja ufunguo wa vita. Ibara ya 143 inasema Rais anatangaza vita baada ya kupata idhini ya Bunge na Seneti. Kwa état de siège, huu tunaouita utawala wa kijeshi, ibara ya 85 inamruhusu autangaze baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na wakuu wa mabaraza yote mawili. Kisha inakuja ibara ya 144: siku 30, basi. Zikiisha, wanaoweza kuongeza ni ninyi, kwa siku 15, na 15 nyingine, kila mara mkiombwa upya. Sisi tunaielewa hivi: jirani ameazima jembe lako, na kila baada ya siku 15 lazima arudi nalo mlangoni akuonyeshe alicholima.

Utawala huo ulianza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Magavana wakawa majenerali, mameya wakawa askari na polisi, mabaraza ya majimbo yakasimamishwa, na raia akishitakiwa kwa jinai alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Siku 15 ni vipindi 24 kwa mwaka. Hesabu, baba, tangu 2021 ni mara ngapi! Na Bunge likienda likizo, sheria ya kuiwezesha Serikali imeiachia Serikali yenyewe iongeze muda. Mwenye jembe amemwambia mwazimaji ajiongezee siku mwenyewe.

Hatukuja kusema jeshi lisitumike. Sisi ndio tuliowakimbia ADF, waasi waliotoka Uganda wanaoua raia kwetu. Kuna watu hapa waliotembea usiku kucha na watoto mgongoni. Majeshi ya Uganda yalipoingia kushirikiana na yetu, 30 Novemba 2021, tulishangilia. Lakini Julai 2025 waumini waliuawa ndani ya kanisa Komanda, Ituri, wakiwa katika sala ya usiku. Na Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, utawala wa kijeshi ulikuwa umekaa pale zaidi ya miaka mitatu na nusu. Hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Kura zilipigwa, na mtu wa Beni bado halali. Kabla ya kila kura, nani aliuliza kura iliyotangulia imeleta nini?

Tulitazama pia wenzetu walivyofanya. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Bunge la Marekani lilichukua siku tatu tu kumruhusu Rais atumie nguvu za kijeshi. Seneti ilipiga kura 98 kwa 0, baraza la wawakilishi 420 kwa 1. Yule mmoja ni Barbara Lee wa California. Alitukanwa, akatishiwa kuuawa. Idhini ile haikuandikwa tarehe ya mwisho, na marais waliofuata waliitumia hadi Somalia na Syria, tena dhidi ya kundi ambalo 2001 lilikuwa halijajitangaza. Ufaransa, kwa ibara yao ya 35, jeshi likikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 4, Serikali lazima iombe idhini ya Bunge. Yetu ina siku 15, Muheshimiwa! Kwenye karatasi tunawashinda wote wawili. Ndiyo maana inatuuma kuona silaha nzuri hivi inapata kutu mikononi mwa wenyewe.

Kuna mama ameketi mstari wa pili, jina lake tunalihifadhi. Mdogo wake, mwalimu, alikamatwa huko nyumbani kwa jambo la ugomvi wa shamba, akahukumiwa na askari. Mama huyu aliuza cherehani yake alipe wakili. Oktoba 2023 Rais alipotangaza kulegeza utawala ule hatua kwa hatua, baada ya mkutano wa Agosti kule Kinshasa, mama huyu alitupigia simu akilia kwa furaha. Mpaka leo anatuuliza hatua ya pili ni lini, na kamati haina la kumjibu.

Sasa tuseme kwa heshima yote lililo moyoni. Mgeni wetu wa mwaka 2022 aliahidi kutuletea ripoti za tume ya ulinzi ya Bunge. Tulimwandikia barua nne. Nakala zimo kabatini, majibu hayamo. Wewe mwenyewe, baba, katika kampeni ya Desemba 2023, ulisimama karibu na uwanja huu ukasema utarudi kila baada ya kikao kutuambia umepiga kura gani. Tulipiga makofi sana siku ile. Vikao vimepita, na leo ndiyo mara yako ya kwanza kurudi. Hatukuhesabii kosa. Tunakukumbusha kwa sababu tulikuamini na bado tunakuamini.

Tunachoomba ni hiki: usinyanyue tena mkono kuongeza siku 15 kabla Serikali haijaweka mezani ripoti iliyoandikwa. Vijiji vingapi vimerudiwa na watu wake, raia wangapi wanashikiliwa bila hukumu, fedha za operesheni zimefika wapi, askari wa mstari wa mbele wamelipwa au hawajalipwa. Ripoti isipokuwepo, sema hapana, hata ukibaki peke yako kama yule mama wa California. Ikiwepo, utuletee, nasi tutaitafsiri kwa Kiswahili na kuisoma Ijumaa. Na likizo ikifika, usikubali sheria ya kuiwezesha Serikali iguse siku hizo 15. Najua wapo watakaosema mbunge wa Lubumbashi anatafuta nini katika mambo ya Beni. Mkono ukinyanyuliwa Kinshasa, uzito wake unamwangukia mtu wa Mbau, kule Beni, na wa Komanda, na watu wake ndio sisi, wapiga kura wako.

Viti na hema tulivyoomba mwaka jana vinaweza kungoja.

Katibu atakukabidhi daftari. Lina safu tatu: tarehe ya kura, ripoti uliyosoma, jinsi ulivyopiga. Ukurasa wa kwanza tumeuchorea mistari. Tunakuomba, kabla bukari haijaletwa, uandike hapo juu kwa mkono wako siku utakayorudi.

Ni sisi, kamati, kwa niaba ya familia 64.