Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vijidudu Kwenye Sehemu Tunazozigusa Kliniki

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba tuzungumze zaidi juu ya jambo lililotushughulisha mwaka mzima: vijidudu vinavyobaki kwenye kiti, taa na droo za kliniki zetu za meno baada ya mgonjwa kuondoka.

Kwa upande wa vifaa tumepiga hatua. Koleo na vioo vinaoshwa, vinafungwa na kuingia kwenye otoklevu, yaani mashine inayoua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121 au 134 za Selsiasi. Kazi imebaki kwa visivyoingia humo. Kwenye mafunzo yetu, mkufunzi alipaka glavu zake rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, kisha akaonyesha jinsi ya kuziba jino. Tulipozima taa za chumba tukaiona rangi kwenye kishikio cha taa ya kiti, kwenye swichi, sirinji ya hewa na maji, kalamu, hata jalada la faili linalorudi mapokezi. Mpini wa droo ndio uliong'aa kuliko vyote, maana pamba ikiisha katikati ya kazi, mkono uliotoka mdomoni ndio unaoifungua.

Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, damu ikiwa imeshakauka. Mwaka 2001 huko New Mexico, Marekani, mgonjwa wa upasuaji wa kinywa aliambukizwa kirusi hicho kutoka kwa mgonjwa aliyehudumiwa kabla yake siku hiyohiyo. Wachunguzi hawakukuta kasoro katika taratibu za kliniki ile. Walichokisia ni kwamba damu ilibaki mahali fulani bila kufutwa. Mara moja tu, na ikatosha.

Nasisitiza tena suala la jiki. Kuimwaga juu ya damu au mate ni kuipoteza, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini. Tuanze na maji na sabuni, ndipo dawa ifuate: sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo, iachwe dakika 10, kisha ifutwe kwa maji isije ikala chuma. Vishikio na swichi tuvifunike kwa plastiki, ibadilishwe kwa kila mgonjwa. Mabomba ya maji ya kiti nayo yafunguliwe sekunde 20 hadi 30 kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Haya yote wasaidizi wetu wanayajua. Wanachokosa ni muda. Msaidizi bado ana kitambaa mkononi, mgonjwa mwingine ameshaitwa, na lawama zikija zinamwangukia yeye. Kwangu mimi hiyo si haki, na wenye kliniki ndio wa kulirekebisha.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kanuni mpya: mgonjwa asiitwe mpaka msaidizi atamke kwamba kiti kiko tayari. Naomba tuipigie kura leo, kabla ya uchaguzi wa viongozi.