Tusinunue redio za dijitali zisizosikilizana

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa simu za upepo, kazi ya kupanda minara, kubadilisha betri na kubishana na mafundi wenzangu juu ya chaneli, na nilistaafu nikidhani mambo hayo yamekwisha kunipita. Lakini kila nisikiapo kwamba halmashauri, hospitali, bandari au kikosi fulani kinajiandaa kuachana na redio za analogia na kununua za dijitali, nashindwa kunyamaza. Neno hili “dijitali” limegeuka kuwa muhuri wa ubora, na ni wachache kati ya wanaosaini malipo wanaouliza kile ambacho mwokoaji angekiuliza kwanza: je, redio hii itamsikia jirani yangu?

Redio za analogia, pamoja na mikwaruzo yake yote, zilikuwa na tabia moja njema. Ukiziweka mbili katika masafa yaleyale, hata kama moja imetengenezwa Japani na nyingine Marekani, zilisikilizana. Baharini tabia hiyo ingalipo. Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni moja kwa meli ya makontena na kwa boti ya abiria iendayo Zanzibar, kwa kuwa dunia nzima ilikubaliana juu yake, na nahodha anayeomba msaada haulizwi redio yake ni ya kampuni gani.

Katika dijitali hakuna makubaliano ya namna hiyo. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu kabla ya kurushwa, na kila mfumo una njia yake ya kuigeuza na kuipanga hewani. Mfumo wa TETRA, uliosanifiwa Ulaya katika miaka ya 1990, huligawa pito (nafasi ya masafa ya chaneli moja) la kilohezi 25 katika zamu nne za muda zinazopokezana. DMR, uliotoka mwaka 2005 katika taasisi ileile ya viwango ya Ulaya, ETSI, huligawa pito la kilohezi 12.5 katika zamu mbili. P25 wa Marekani una awamu mbili, ya kwanza isiyotumia zamu kwa sauti na ya pili inayozitumia. Mwenye TETRA hamsikii mwenye DMR, na hiyo si hitilafu ya kurekebishwa kwa bisibisi.

Wauzaji hujibu kwamba basi wote wanunue DMR na mambo yataisha. Hayaishi. Redio ya DMR ya VHF, ya megahezi 136 hadi 174, haiwezi kuongea na ya UHF, ya 400 hadi 470, ingawa zote mbili zimeandikwa DMR ubavuni. Zikiwa katika masafa yaleyale, bado lazima zilingane namba ya msimbo wa rangi, inayotenganisha mitandao iliyo katika masafa yaleyale na ambayo huanzia 0 hadi 15, zilingane zamu, zilingane namba ya kundi, na kama mazungumzo yamefichwa kwa msimbo wa siri, zilingane aina ya msimbo na ufunguo wake. Kosa katika kimoja tu kati ya hivyo, na mwenzako anakuona unasogeza midomo. Zaidi ya hayo, kila kiwanda huongeza manjonjo yake yasiyomo katika kiwango, na mara nyingi ni manjonjo hayo yanayosifiwa zaidi siku ya maonyesho.

Niliwahi kushuhudia zoezi la pamoja la uokoaji ambamo taasisi mbili, sizitaji, zilikuja na redio mpya za DMR zilizonunuliwa katika mwaka mmoja wa fedha. Moja ilikuwa na VHF, nyingine UHF. Ikabidi kijana mmoja asimamishwe katikati akiwa na redio mbili, moja kila mkono, awe anarudia kwa kinywa chake kila analolisikia huku na kulipeleka kule. Kiongozi wa upande mmoja akasema “gari la wagonjwa lisisogee”. Upande wa pili ikafika “gari la wagonjwa lisogee”. Silabi moja ilipotea njiani, na dereva, ambaye hakuwa na kosa lolote, akasogea. Kwa kuwa lilikuwa zoezi, tulicheka.

Penginepo hawakucheka. Septemba 11, 2001, jijini New York, majengo pacha ya World Trade Center yaliposhambuliwa, helikopta za polisi ziliona hali ya minara hiyo miwili kutoka juu, lakini zimamoto hawakuwa na njia ya kusikia mawimbi ya polisi, na wengi waliokuwa ndani ya mnara wa kaskazini hawakuipata amri ya kutoka. Siku hiyo walikufa wazima moto 343. Karibu na kwetu, katika shambulio la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, ambalo liliua watu 67, iliripotiwa sana kwamba polisi wa kikosi maalumu na wanajeshi walifyatuliana risasi ndani ya jengo na ofisa wa polisi akapoteza maisha. Sisemi kwamba redio peke yake ndizo zilizosababisha hayo, kwani amri isiyo na mwenyewe haiponi kwa kununua kifaa. Nasema tu kwamba hata amri nzuri huhitaji pa kupita.

Hapa Tanzania tunajua nani hufika. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, walikusanyika zimamoto, polisi, wanajeshi, Msalaba Mwekundu, watu wa hospitali na raia. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba Novemba 6, 2022, waliotangulia walikuwa wavuvi. Kwa hiyo redio ya zimamoto haipaswi kuchaguliwa kana kwamba zimamoto wataongea wao kwa wao tu.

Ninachoomba kiandikwe katika hati za zabuni, zinazopita sasa katika NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, ambamo bei hulinganishwa kwa urahisi kuliko masafa, ni masharti yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni kwamba kabla ya kutangaza zabuni, taasisi za mkoa mmoja zikae meza moja, pamoja na TCRA inayogawa masafa, zikubaliane bendi, mfumo na makundi ya pamoja, na karatasi hiyo iwe sehemu ya zabuni ya kila mmoja wao. Mzabuni naye alete vyeti vya majaribio ya kusikilizana: TETRA ina vyeti vinavyoonyesha redio ya kiwanda fulani ilijaribiwa na mitambo ya kiwanda gani, DMR ina utaratibu wake, na huko Marekani matokeo ya majaribio ya P25 hutangazwa hadharani. Cheti kisichotaja kiwanda cha pili hakithibitishi kitu.

Hata hivyo cheti hakitoshi. Kabla ya malipo ya mwisho, redio mpya zipelekwe uwanjani pamoja na redio za jirani zilizopo, si za sampuli alizoleta muuzaji, zijaribiwe kupitia ripita, yaani mtambo unaopokea na kurusha tena mawimbi, na pia moja kwa moja bila ripita, ndani ya jengo la zege, ghorofa ya chini kabisa, betri zikiwa zimetumika nusu siku. Asiyefaulu asilipwe. Na faili la mipangilio, programu ya kuliandikia, waya wake na funguo za siri vibaki mikononi mwa taasisi. Nimeona ofisi zikisubiri wiki nzima fundi wa kampuni aje kubadilisha namba moja ya kundi, kwa sababu nywila alikuwa nayo yeye.

Juu ya usiri nina neno fupi. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba TEA1, mojawapo ya misimbo ya TETRA, ufunguo wake wa biti 80 hupunguzwa ndani kwa ndani hadi biti 32, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida huuvunja kwa dakika chache. Anayeuziwa TETRA aulize ni msimbo upi anapewa, na jibu liwe kwa maandishi. Chaneli ya dharura ya pamoja, kwa upande mwingine, isifichwe kabisa, na ikiwezekana iwe ya analogia. Redio nyingi za DMR na P25 zinaweza kurudi analogia kwa kugeuza kitufe, jambo ambalo za TETRA kwa kawaida haziwezi.

Najua wapo watakaosema kwamba siku hizi simu ya mkononi inatosha. Uingereza ilipanga kuwahamisha polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa kutoka TETRA kwenda mtandao wa 4G ifikapo mwisho wa 2019, na bado TETRA inafanya kazi huko. Simu huhitaji mnara. Redio mbili zikiwa karibu hazihitaji, na mnara nao ni chuma kama jengo lililoanguka.

Ombi langu kwa Idara ya Menejimenti ya Maafa, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ni kwamba itoe mwongozo mmoja wa kiufundi kabla ya bajeti ijayo, na halmashauri itakayonunua nje ya mwongozo huo ieleze kwa maandishi itaongeaje na jirani zake usiku ambao umeme na mitandao ya simu vimezimika.

Fundi mstaafu wa redio,
Tanga