Barua ya malalamiko: mmeniuzia koili nne kwa kosa la waya mlioufunga wenyewe

Wete, Pemba

Kwa Mkurugenzi,
Makao Makuu, Unguja.

YAH: TAA YA INJINI, KAZI MBOVU NA KUVUNJIWA HESHIMA TAWI LA CHAKE CHAKE

Assalaamu alaykum.

Nakuandikia kwa heshima, na naomba barua hii isirudishwe Chake Chake ikajibiwa na yule yule ninayemlalamikia. Gari ni Noah yangu ya abiria. Karatasi zake za kazi mnazo, na dhamana yenu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawasomea. Ninachotaka mkijue ni kile ambacho karatasi hazikukiandika.

Hazikuandika kwamba msimamizi wa karakana yenu, aliponitaka ninunue injini nyengine, aliniambia, mbele ya wateja na mbele ya mkwe wangu: "Bibi, kompyuta haiongopi. Kama huna pesa ya injini, sema tujue."

Injini ile ni nzima. Ilikuwa nzima siku hiyo na ni nzima leo ninapoandika. Kilichoharibika ni waya, na aliyeuharibu ni fundi wenu.

Mambo yalianza na alterneta, ile inayochaji betri. Mliibadilisha nyinyi, na taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kuwaka baada ya gari kutoka mikononi mwenu. Dereva wangu akairudisha. Kijana wenu akachomeka mashine ya kupimia, ikasoma namba za kosa P0302 na P0304, akasema injini inamisi, yaani petroli haiwaki kila zamu, na koili zinazotoa cheche kwenye silinda ya pili na ya nne zimekufa. Nikanunua mbili. Taa ikarudi, sasa ikasoma P0300, misi isiyotaja silinda, na P0301, ya silinda ya kwanza. Nikauziwa mbili nyengine. Baadaye plagi zote nne, baadaye tena kusafisha nozeli zinazopuliza petroli. Mchana gari inakwenda salama, usiku au mvua ikinyesha taa inawaka. Dereva alilisema hilo kaunta na mimi nikalisema: inawaka tukiwasha mataa makubwa, waipa na kiyoyozi kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeliandika, ilhali neno hilo peke yake lilikuwa linawaonesha pa kutafuta.

Na injini haikutetemeka hata mara moja. Haikukosa nguvu vilimani, haikunywa mafuta kupita kawaida yake, moshi wake haukunuka petroli. Gari inayomisi kweli inatikisika, abiria wa kiti cha nyuma anajua, haihitaji mashine. Kwenu hakuna aliyeinua boneti akatulia kidogo asikilize. Walisoma namba, wakaenda stoo.

Nimesomesha fizikia skuli ya sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo naomba mniruhusu niseme jambo ambalo mafundi wenu walipaswa kunieleza mimi. Kompyuta ya gari haioni moto ndani ya silinda. Inakisia. Kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna gurudumu lenye nafasi za meno 36, mawili yameachwa wazi, na pembeni yake imekaa sensa. Kila jino likipita, sensa inatoa pigo dogo la umeme, na kompyuta inapima muda kati ya pigo na pigo. Silinda ikiwaka krenki inasukumwa, silinda isipowaka krenki inazubaa kidogo, na ule mzubao ndio kompyuta inaouhesabu kuwa ni misi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 600 kwa dakika ina miwako 20 kila sekunde. Tofauti zinazopimwa hapo ni ndogo mno. Sensa ya gari hii ni ya sumaku, ya nyaya mbili, na umeme inaotoa ni hafifu, khasa injini inapozunguka taratibu. Ndiyo maana waliotengeneza gari wakauzungushia waya wake wavu wa chuma, ili umeme wa nyaya nyengine usiingie ndani yake. Ukiingia, pigo moja linawahi au linachelewa, na kompyuta inaandika misi ambayo haikutokea. Haikuongopa. Ilipelekewa habari ya uongo, na kazi ya fundi ni kujua habari imetoka wapi.

Sasa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Fundi wa umeme wa magari hapa Wete, ambaye hana kiyoyozi ofisini wala fulana yenye nembo, alianza kwa kumuuliza dereva taa inawaka lini. Akahamisha koili: ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, ya tatu akaileta ya pili. Kama koili ndiyo mbovu, P0302 ingehama ikawa P0303. Haikuhama. Kazi ya dakika chache, haina spea hata moja, na nyinyi hamkuifanya kabla ya kuniuzia koili nne. Kisha akaiacha injini inanguruma huku anatazama hesabu ya misi kwenye mashine yake. Mataa yamezimwa, sifuri. Akawasha mataa makubwa, feni na kiyoyozi, hesabu ikaanza kupanda, na injini imetulia vile vile. Akachomoa kile kiplagi kidogo cha alterneta ili isichaji, na hesabu ikasimama pale pale.

Nasema kiplagi cha alterneta. Kijana wenu yeye, nikimwangalia kwa macho yangu, alichomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, eti anapima chaji. Umeme wa alterneta ukipanda ghafla kwa namna ile unaweza kuunguza kompyuta nzima ya gari. Mnawafundisha hivyo? Au hamwafundishi?

Fundi wetu akafuata waya wa sensa kwa mkono. Akaukuta umetolewa kwenye vibano vyake vya asili, umelazwa ubavuni mwa waya mnene wa alterneta, vimefungwa pamoja kwa vibano vya plastiki na utepe mweusi. Ule ule utepe na vile vile vibano ambavyo fundi wenu alifungia nyaya za alterneta mpya. Sehemu moja waya umekatwa ukaungwa, na wavu wake umeachwa unaning'inia, haukurudishwa. Picha zote nimezipiga na zimeambatanishwa. Fundi wetu akaweka kipande cha waya mpya wenye nyuzi zilizosokotwa na wavu wake, wavu akaufunga athi, yaani kwenye chuma cha gari, upande mmoja tu, akautenganisha na waya wa alterneta, akasafisha na athi ya injini iliyokuwa na kutu. Akanidai shilingi 35,000. Masika yote imepita, usiku na mvua, taa haijawaka.

Mimi nililipa kwenu koili 720,000, plagi 100,000, nozeli 120,000, kupima 45,000. Jumla 985,000. Na mkataka 3,800,000 nyengine za injini ya mtumba.

Nirudi kwenye siku hiyo ya injini, maana kila nikiandika habari ya waya moyo wangu unarudi pale kaunta. Nilikwenda na mkwe wangu, mume wa binti yangu, kwa sababu dereva alikuwa ameshachoka kujibiwa ovyo. Wateja walikuwa wamejaa kwenye viti. Msimamizi hakuniambia nikae. Nikamwambia kwa upole: mwanangu, taa inawaka tukiwasha mataa, hebu tazameni umeme kwanza. Akageuka akawaambia wenzake kwa sauti, "Huyu bibi kaja kutufundisha kazi," wakacheka. Nikarudia. Ndipo akaisukuma ile karatasi ya makisio kwa ncha ya kidole mpaka ikaanguka upande wangu, na akasema, "Bibi, kompyuta haiongopi. Kama huna pesa ya injini, sema tujue, gari iondoke hapa." Mkwe wangu ndiye aliyeinama kuiokota. Kwetu sisi mkwe ni mtu wa kusitiriana naye, mnajua. Mtu hamwoneshi mkwe wake hata dhiki ya nyumbani. Yule kijana alinitangazia ufukara mbele yake na mbele ya watu ambao baadhi yao niliwasomesha. Nilitoka sijaaga. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinyanyuka kunifungulia mlango na hakuweza kunitazama usoni.

Hakuniita mwongo tu. Alinifanya niwe mtu wa kufukuzwa, nikiwa nimelipa kila shilingi aliyoniandikia, na ujinga ulikuwa wake.

Sijawaambia habari ya bandarini Mkoani. Ilikuwa kabla ya siku hiyo, koili zenu mpya zikiwa zimo ndani ya gari. Dereva alichukua abiria kabla ya alfajiri kuwahi meli, mvua inanyesha, mataa na waipa vinafanya kazi. Taa ya injini ikaanza kumeta. Kitabu cha gari kinasema taa ikimeta usiendelee, kwa sababu petroli isiyowaka inakwenda kuunguza kataliti, kile kisafisha moshi kwenye eksozi. Dereva akafanya kama alivyofundishwa, akasimama. Ndani yake mlikuwa na mgonjwa anakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa miadi yake. Meli ikaondoka. Nauli zao niliwarudishia, lakini miadi ya mgonjwa sikuweza kumrudishia. Wale watu hawapandi tena gari yangu, na siwalaumu. Yote hayo kwa misi ambayo haikuwepo.

Awali nilidhamiria kudai pesa za koili tu. Nilipiga simu tawini nikasema hivyo, nikajibiwa kwamba vifaa vya umeme vikishafungwa havirudishwi. Sikuomba kurudisha kifaa. Nataka pesa niliyotozwa kwa kosa lililotengenezwa na karakana yenu. Basi sasa nadai zote: 985,000 za kwenu, 35,000 za aliyeisahihisha kazi yenu, na nauli za abiria wa Mkoani pamoja na siku ambazo gari ililala uani kwenu, kwa hesabu niliyoiambatanisha. Koili zangu za asili nazo nazitaka. Zilikuwa nzima, na sikuambiwa zimekwenda wapi. Kama mmezifunga kwenye gari ya mtu mwengine, hilo litakuwa jambo la peke yake.

Nataka pia barua ya kuniomba radhi, iliyosainiwa na wewe, ikisema wazi kwamba gari haikuwa na kosa la injini. Nakala apelekewe mkwe wangu. Na yule msimamizi aje Wete, anitake radhi mbele ya mkwe wangu. Asiponitaka radhi yeye, sitaikubali radhi ya mwengine kwa niaba yake.

Tena nataka mzitazame upya gari zote mlizozifunga alterneta kwa namna ile tawini Chake Chake. Jambo hili mwanzo sikulifikiria, lakini siwezi tena kulinyamazia. Mimi nilikuwa na elimu ya kubishana nao na bado nilishindwa. Yuko mvuvi au mchumaji karafuu ambaye ameshaambiwa injini imekufa na ameshauza kitu chake kuinunua nyengine. Mtafuteni.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, malalamiko yangu, picha na risiti vitakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na baada ya hapo mahakamani, nako sitadai hizi zilizoandikwa hapa peke yake. Nitadai na fidia ya kuvunjiwa heshima, na mashahidi ninao, walikuwa wamekaa kwenye viti vyenu. Fundi wa Wete amekubali kuja kueleza alichokikuta, na waya ule mbovu nimeuhifadhi ukiwa na utepe wenu bado juu yake. Madereva wa Wete na Konde wameshaanza kuniuliza. Mpaka leo nawajibu kwamba nasubiri kuwasikia nyinyi kwanza. Siku ya 15 nitawajibu vyengine.

Jibu lije kwa maandishi, lenye jina na saini ya mwenye mamlaka. Simu kutoka tawi la Chake Chake sitaipokea.

Wasalaam,

Mwenye gari,
Mwalimu mstaafu, Wete.

Viambatanisho: risiti, makisio ya injini, picha za waya, hesabu ya hasara.