Sifa za mlinzi tunazijua, mafunzo yake yako wapi?

Mhariri,

Sijawahi kuandikia gazeti. Kero zetu walinzi huwa tunazimaliza wenyewe kwenye benchi la lindo, nyingine tunalala nazo. Lakini ile habari yenu ya juzi, ya mmiliki wa kampuni ya ulinzi anayelalamika kwamba wanaoomba kazi kwake hawana sifa, imenikaa rohoni mpaka nimeomba karatasi kwa karani wa ghala ninalolinda.

Sifa zipi tena anazozitaka? Someni matangazo yao yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme. Umri usizidi kiasi fulani, urefu usipungue kiasi fulani, cheti cha kidato cha nne, cheti cha mgambo au JKT, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, alama za vidole kutoka polisi, na wadhamini wawili. Kila karatasi ina foleni yake, na nyingine zina hela ya wino isiyo na risiti. Hao wadhamini nao wanatakiwa wawe watumishi wa serikali au wenye nyumba zao. Mtu mwenye kaka serikalini na mjomba mwenye nyumba Dar es Salaam atakuwa anatafuta nini getini saa nane za usiku?

Mgambo nimepitia, wilayani kwetu, miezi minne, sare nimejinunulia mwenyewe. Wala siyadharau mafunzo yale. Tulipigishwa kwata, tukafundishwa ujanja wa porini, kusoma ramani na kulenga shabaha, mwisho mkuu wa wilaya akaja kuyafunga na sisi tukapita mbele yake kikakamavu. Yale ni mafunzo ya jeshi la akiba, ya kulinda nchi. Hakuna aliyetuambia ufanyeje mlevi akilala mbele ya geti na lori linataka kutoka, au dereva akikutukania mama yako kwa sababu umemwomba afungue buti. Ya getini yalikuwa ya kampuni kuyajazia. Kampuni yangu ya kwanza ilituita asubuhi moja, ikatuonyesha namna ya kulipigia saluti gari la bosi na namna ya kujaza kitabu cha matukio, mchana tukagawiwa malindo.

Sasa niwape kisa kimoja. Kwenye lindo lile tulikuwa na bunduki moja, shotigani ya kukoki kwa mkono, tunapokezana kila zamu. Mgambo tulijifunza silaha nyingine kabisa. Hii tuliikuta kibandani, tukapewa kama mtu anavyopewa jembe, na hakuna kati yetu aliyewahi kuipigia hata risasi moja ya mazoezi. Usiku mmoja mbwa wa jirani walibweka sana, kijana aliyekuwa zamu akakoki akazunguka ghala lote, hakuona kitu, akarudi kukaa. Risasi ikabaki chemba. Hakuitoa kwa sababu hakuna aliyemfundisha namna ya kuitoa. Asubuhi napokea zamu, ananiambia, "Shika mama, nawahi daladala," huku anauvuta mkanda wa bunduki uliokuwa umenasa kwenye komeo la mlango. Ikalia humo humo kibandani. Chai yangu ilimwagika, masikio yalivuma mpaka jioni, na kwenye bati palibaki tundu kubwa na vitobo vingine pembeni, mvua ikinyesha tunasogeza benchi. Bosi alifika saa tano. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ganda la risasi liko wapi?" Maana risasi zina hesabu yake polisi, watu hawana. Mwisho wa mwezi yule kijana alikatwa bei ya bati na bei ya risasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ipo tangu mwaka 2015, na anayekodisha walinzi wenye bunduki hawezi kusema hajaisikia. Sisi tungependa tu mtu atuonyeshe kitufe cha usalama kiko upande gani.

Halafu huyo mmiliki wa kwenye habari yenu anasema hatuna sifa! Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 222,000 kwa kampuni kubwa za ulinzi na 148,000 kwa ndogo. Toka siku ile sijakutana na kampuni kubwa. Zote ni ndogo, hata zenye magari ya doria na ving'ora. Sheria ya kazi ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe nusu zaidi, na saa za usiku ziongezwe asilimia tano. Sisi tunaingia saa kumi na mbili jioni tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Pigeni hesabu wenyewe, halafu mtafute hizo nyongeza kwenye karatasi ya mshahara. Mimi kwenye yangu nimekuta makato ya buti.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la choo. Malindo mengi hayana. Mwanamume atajua pa kwenda, mwanamke aombe funguo kwa mwenye ofisi aliyeondoka saa kumi na moja jioni. Kwenye matangazo wanaandika "wanawake wanahimizwa kuomba". Wanahimizwa waje kujibana usiku kucha.

Wenzetu Kenya walitunga sheria ya ulinzi binafsi mwaka 2016, ikaunda mamlaka ya kuisimamia sekta, na mlinzi anatakiwa awe na mafunzo na asajiliwe. Sijui yote yanatekelezwa, ila angalau yameandikwa. Sisi wakati tunasubiri ya kwetu, Jeshi la Polisi linalosimamia kampuni hizi lingeanza na hili: kampuni isipewe kibali cha bunduki mpaka kila atakayeishika awe amepiga risasi tano kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya askari wa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kwa gharama ya kampuni, na wa kwanza kupiga awe mkurugenzi mwenyewe. Akishamaliza, akalinde lindo moja usiku mmoja, kwa buti za kampuni yake, na kitabu cha matukio ajaze yeye. Tangazo la kazi nalo liandike mshahara juu kabisa, kabla ya urefu. Na lindo liwe na choo, chenye komeo la ndani.

Mlinzi wa zamu ya usiku,
Temeke, Dar es Salaam