Mwanangu, kabla hujanunua mitihani ya majaribio ya GRE

Kihesa, Iringa

Mwanangu Tumaini,

Kamwene. Huku nyumbani hatujambo, ni baridi tu imeshika. Ujumbe wako wa kuomba laki tatu za mitihani mitatu ya majaribio ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu vyuo vya nje, nimeupata. Kutoa sikatai. Ila nataka ujue unanunua nini, maana pesa hiyo hiyo humsaidia sana mtu mmoja na mwingine isimsaidie hata kidogo, kutegemea ni makosa ya aina gani anayofanya.

Kwanza fungua tovuti za vyuo unavyoviwania, kozi moja baada ya nyingine, uangalie kama bado wanaidai GRE. Tangu 2020 programu nyingi za Marekani zimeiondoa au zimeifanya ya hiari. Kama kozi unazozitaka haziidai, dola 220 za kujisajili zitakufaa zaidi kwenye ada za maombi, na hapo hatuna haja ya kuzungumzia majaribio.

Kama zinaidai, hakikisha unajiandaa kwa mtihani wa sasa. ETS, ndio wenye mtihani huu, waliufupisha Septemba 2023. Sasa unachukua saa 1 na dakika 58, hauna mapumziko, na una insha moja ya dakika 30. Sehemu za lugha ni mbili, maswali 12 kwa dakika 18 na 15 kwa dakika 23. Za hesabu pia ni mbili, 12 kwa dakika 21 na 15 kwa dakika 26. Jumla ni maswali 54, ukiacha insha. Ukikuta kifurushi kina sehemu zenye maswali 20, au kinakukalisha karibu saa nne, huo ni muundo wa zamani. Usilipie hata kama umepunguzwa bei nusu, kwa sababu utajizoeza mwendo ambao siku ya mtihani hautakuwepo.

Jambo la pili wauzaji wengi hawalisemi. GRE hupanga ugumu wa sehemu ya pili kwa kuangalia ulivyofanya sehemu ya kwanza. Ukiharibu yale maswali 12 ya mwanzo ya hesabu, utapewa sehemu ya pili iliyo rahisi, na hata ukiipata yote huwezi kufika alama za juu kabisa. Kwa hiyo maswali yaliyochapwa kwenye faili na kuuzwa kwa jina la mtihani kamili hayawezi kukupa alama ya kuaminika ya GRE, kati ya 130 na 170. Ni mazoezi, sawa, lakini namba wanayokuandikia mwishoni wamejitungia. Unaikumbuka moko ya mkoa ulipokuwa kidato cha nne, ilivyotungwa ngumu ili mkimbie kusoma? Muuzaji wa mitihani naye hakuna kinachomzuia kuufanya wa kwanza mgumu na wa mwisho mwepesi, ukaona umepanda na ukafurahi, kumbe uko pale pale.

Ndiyo maana nakuambia uanze kwa wenye mtihani. ETS wanatoa bure mitihani miwili kamili kwenye POWERPREP, mitihani yao ya majaribio ya mtandaoni, kwa saa ileile, vitufe vilevile na kikokotoo kilekile cha kwenye skrini. Ya kulipia, POWERPREP PLUS, iko mitatu, na kila mmoja ni karibu dola 40, zaidi kidogo ya laki moja kwa pesa yetu. Unacholipia zaidi ni maswali mapya, maelezo ya majibu na insha yako kupewa alama. Wa bure haukupi alama ya insha. Mada za insha zenyewe zote zimewekwa wazi kwenye tovuti yao, kwa hiyo asikuuzie mtu "mada zinazotarajiwa". Kitabu chao cha kurudia hesabu nacho ni bure, na wamekielekeza kwenye video za Khan Academy, nazo bure.

Sasa kaa ufanye mtihani mmoja wa bure kabla hujatoa shilingi. Ufanye asubuhi, saa ambayo ungeingia kwenye mtihani wenyewe, mezani, simu ukiwa umeizima na kuiacha chumba kingine. Chaji kompyuta ijae na uhakikishe LUKU ina yuniti. Umeme ukikatika katikati ya dakika 18, mazoezi ya siku hiyo yameharibika, na huwezi kuyarudia kwa maswali yaleyale, maana swali ukishaliona si geni tena. Kama unafikiria kufanyia mtihani nyumbani badala ya kusafiri kwenda kituoni Dar es Salaam, jizoeze pia kuandika kwenye ubao mdogo mweupe wa kufutika. Wanaofanyia nyumbani hawaruhusiwi karatasi ya kawaida, na mtu aliyezoea kujaza kurasa za daftari huchanganyikiwa anapobaki na ubao unaojaa kwa maswali mawili.

Kazi yenyewe huja baada ya hapo. Wengi huangalia alama, wakaguna, wakafungua mtihani mwingine. Wewe usifanye hivyo. Chukua kila swali ulilokosa, funika jibu sahihi kwa karatasi pale kwenye skrini, ulifanye upya bila kuangalia saa. Ukilipata safari hii, tatizo lilikuwa muda au ulisoma vibaya. Ukilikosa tena, hujui. Andika daftarini namba ya swali, na mbele yake herufi moja: M kwa muda, K kwa kusoma vibaya au kukimbilia jibu, U kwa ujuzi ambao huna. Weka na B kwa maswali uliyobahatisha ukapata, maana hayo ndiyo yanayodanganya. GRE haikati alama kwa jibu la kosa, kwa hiyo kubahatisha ni lazima, lakini maswali manne matano ya bahati yanaweza kukupandisha leo na kukuangusha wiki ijayo.

Nikupe mfano mmoja wa hesabu. Unaambiwa x ni ndogo kuliko 1, na x si sifuri. Kiasi A ni x mara x, Kiasi B ni x. Kipi kikubwa? Mwanafunzi mwenye haraka anaweka -2, anapata A ni 4 na B ni -2, anachagua A. Anaweka -1 kujihakikishia, A tena, anaendelea. Hakuweka nusu. Kwa nusu, A ni robo na B ni nusu, B kubwa. Jibu ni kwamba uhusiano hauwezi kujulikana. Hapa hesabu anaijua, alichokosa ni mazoea ya kupima namba za sehemu, kama nusu, kabla hajachagua. Hiyo ni K, na dawa yake ni kanuni fupi ya kuandika pembeni kila unapoliona swali la kulinganisha viasi: namba hasi, sifuri, namba ya sehemu kama nusu, moja, namba kubwa, kwa kadiri swali linavyoruhusu. Mtihani mwingine wa kulipia usingemfundisha hilo. Ungemkosesha swali kama hilo mara ya pili, basi.

Upande wa lugha, angalia mahali penye "although", "despite" au "hardly". Sisi tuliojifunzia Kiingereza darasani huwa tunakimbilia maneno magumu, tukaruka hayo madogo yanayogeuza sentensi nzima. Na swali lenye nafasi mbili au tatu za kujaza halitoi alama ya nusu. Ukikosa moja, umekosa lote. Maswali ya lugha ndiyo magumu kuyaiga, kwa sababu majibu ya uongo lazima yavutie na bado yawe na kasoro inayoonekana. Watungaji wa nje mara nyingi huweka msamiati wa ajabu badala yake, au majibu mawili yote yanaingia. Ukijikuta unabishana na maelezo ya jibu na una hoja ya kweli, huenda kosa ni la mtihani. Kwa hesabu unaweza kuvumilia maswali ya mtungaji mwingine. Kwa lugha, shikilia ya ETS.

Baada ya kuandika herufi, hesabu. Kama makosa yako mengi ni U, laki moja usiitoe, na mimi sitaituma. Kinachotakiwa hapo ni wiki tatu nne za kurudi kwenye mada zenyewe, asilimia, uwezekano, michoro ya takwimu, maneno. Kama mengi ni M na K, hapo mtihani mwingine kamili una kazi, maana mwendo hujifunzi kwa kusoma. Maswali ya hesabu yanakupa kama dakika moja na sekunde 45 kila moja, ya lugha dakika moja na nusu. Lazima mkono uzoee kuweka alama kwenye swali gumu, kuliruka na kulirudia, kwa sababu ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kurudi nyuma.

Utasikia kwamba kujipima kunafundisha kuliko kusoma tena. Ni kweli, na ni utafiti wa heshima. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima juu ya kifungu walikikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena, ingawa baada ya dakika tano tu waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Lakini kule ilikuwa kukumbuka jambo lilelile lililosomwa. GRE inakuletea maswali usiyoyaona. Kwa hiyo jipime kila siku kwa maswali machache ya mada uliyotoka kuisoma, hiyo ndiyo faida ya utafiti ule, na haina gharama.

Mtu akikuambia wateja wake hupanda pointi kumi, muulize amepima kutoka wapi. Mtihani wa pili karibu kila mtu hupanda kidogo kwa kuzoea skrini na saa tu, na hilo unalipata bure kwa POWERPREP. Katikati mteja alikuwa pia anasoma. Walioacha njiani hawakuhesabiwa. Tena kupanda pointi moja au mbili si kitu cha kushangilia wala kulilia, alama hutikisika kiasi hicho bila sababu. Tazama mada: zile ulizozifanyia kazi zimepanda, na zile ulizoziacha zimebaki palepale? Hapo ujue ni kazi yako imezaa.

Wale wanaouza "maswali halisi" kwenye makundi ya simu, wafute. ETS hufuta alama za anayeshukiwa, na pesa hairudi.

Fanya hivi basi. Jumamosi hii mtihani wa kwanza wa bure, na Jumapili baada ya ibada yote iwe ya kusahihisha. Tenga angalau saa nne. Wiki tatu za kusoma, kisha wa pili wa bure. Usizidishe mmoja kwa wiki. Nipigie picha kurasa za daftari zenye herufi baada ya mitihani yote miwili. Nikiona U zimepungua na M bado zipo, nitakuwekea kwenye simu pesa ya mtihani mmoja wa kulipia, utaulipia kwa kadi ya mtandaoni na kuufanya kama siku kumi kabla ya mtihani wenyewe, ili ubaki na muda wa kurekebisha. Laki mbili zilizobaki nitazitunza. Ukiharibu mtihani wa kweli unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na kujisajili upya ni dola 220 nyingine.

Baba yako anakusalimu, na dada yako anauliza kama blanketi alilokutumia limefika Iyunga.

Ni mimi mama yako.